Mwanamke Katika Picha za Marehemu Sam Ntiro

Wengi wa wasomaji wa safu hii, wakaao visiwani na wale walioko maofisini, hawajapata kufika Basotu. Ni mahali katika Wilaya ya Hanang, upande wa magharibi wa mlima wenye jina hilo hilo, kando ya ziwa lililotulia katika shimo la volkano ya kale. Wenyeji wa mbuga zile ni Wabarbaig, tawi la Wadatoga, watu wa ng'ombe. Mgeni apitaye huko huvutwa macho kwanza na akina mama. Wale wa umri mkubwa wamechanjwa chale za nukta zinazozunguka macho duara kwa duara. Mikononi wana bangili za shaba. Na katika siku za heshima mwanamke aliyeolewa huvaa vazi la ngozi lililochanwa nyuzi nyingi ndefu, ziendazo pamoja na mwendo wake. Vazi lile si pambo tu, ni cheo. Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao wenyewe, na baraza hilo laweza kumtoza faini mwanamume aliyewavunjia wanawake heshima yao.

Sasa mchoraji na aketi mbele ya mama huyo na karatasi nyeupe. Atamchoraje? Achore sura yake kama kamera ipigavyo? Achore zile nukta na nyuzi peke yake, mwili auache? Au amchore akiwa mdogo, katikati ya watu wake na mifugo yake, asitambulikane ni nani? Swali hili si la wachoraji pekee. Kwa miaka mingi Serikali, Chama, wageni na wahisani wamekuwa wakijichorea mwanamke wa Afrika, na kila mmoja amemchora kwa haja yake. Leo tungependa kuutazama maisha ya Mtanzania mmoja aliyelijibu swali hilo kwa brashi kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini, naye alikuwa pia mtumishi wa Serikali. Huyo ni marehemu Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro. Ni nchi ya vihamba, migomba na kahawa, ambako maji hutelemka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, na ambako mtu haonekani peke yake mara nyingi: yupo njiani na wenzake, yupo shambani na jirani, yupo kwenye pombe ya ndizi na ukoo mzima. Tusipoikumbuka picha hiyo hatutaelewa lolote katika kazi zake, kwa maana kwa maisha yake yote, awe Kampala, London au Dar es Salaam, alichokichora kilikuwa ni hicho hicho.

Katika miaka ya 1940 alikwenda Makerere. Huko alikuwako Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika chuo kile kwa kuanza na darasa dogo nyumbani kwake, hata kufikia mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London. Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya pekee. Hakumweka mtu mbele ya darasa ili wanafunzi wamwige. Aliwasimulia jambo, labda safari ya kwenda kuteka maji au arusi ya kijijini, kisha akawaacha kila mmoja achore alichokiona moyoni. Bibi huyo alishutumiwa baadaye kwamba aliwafungia wanafunzi wa Kiafrika mlango wa mitindo ya dunia kwa kutaka wabaki kama walivyo. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini kwa kijana wa Machame njia ile ilikuwa kama ufunguo uliotengenezwa kwa kufuli lake. Alihitimu, akabaki Makerere kufundisha, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Elimo Njau, Mchagga mwenziwe, ambaye alikuja kuchora picha mashuhuri za ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1955 Ntiro alisoma London, katika Shule ya Sanaa ya Slade. Hapa yafaa tusimame kidogo. Slade ilikuwa na sifa kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni kuchora mwili wa binadamu, hasa mwili wa mwanamke, kutoka kwa mtu aliyekaa uchi mbele ya wanafunzi. Mkuu wa shule wakati ule, William Coldstream, alikuwa mchoraji wa vipimo. Aliupima mwili kwa jicho na brashi kama seremala apimavyo ubao. Kwa Wazungu mwanamke aliyekaa peke yake, hana nguo, hana kazi, hana jina, alikuwa ndiye msingi wa elimu ya sanaa kwa karne nyingi. Ntiro aliipitia shule hiyo. Alipotoka, picha zake zilikuwa zile zile za Machame: watu wadogo wadogo, wengi, wamevaa nguo zao, wanapalilia, wanakata kuni, wanachuma kahawa, na sura zao hazina macho wala pua za kutofautisha huyu na yule. Walimu wengi wangeliita jambo hilo kushindwa kujifunza. Sisi twaliona kuwa ni uamuzi.

Wakati akiwa mwanafunzi huko alitoa pia kitabu kwa Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilichochapwa mwaka 1953. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa akiiandika nchi yake kwa kalamu na kuichora kwa rangi kwa wakati mmoja, akiwa mbali nayo maelfu ya maili.

Mwaka 1960 picha zake zilivuka bahari ya Atlantiki. Zilionyeshwa New York katika duka la sanaa la Merton Simpson, Mmarekani mweusi ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji. Na mwaka huo huo Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York likanunua moja ya kazi zake, picha aliyoichora mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Ni picha ndogo, upana wake ni kama nusu mita tu. Kwa mchoraji wa Tanganyika, nchi ambayo ilikuwa haijapata hata uhuru wake, jambo hilo lilikuwa kubwa kupita kiasi, na inasikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza shule bila ya kulisikia.

New York ya wakati ule ilikuwa imetekwa na mtindo ulioitwa ekspresionizimu dhahania. Kwa maneno mepesi, wachoraji wale walikataa kuiga umbo la kitu. Walitaka rangi yenyewe, na mkono wenyewe unavyopita kwa nguvu au kwa utulivu juu ya kitambaa, vitamke hasira, hofu au furaha ya mchoraji. Mti, nyumba na mtu vilifukuzwa katika picha. Hata hivyo mmoja wa wakuu wa mtindo huo alimrudisha mwanamke kwa nguvu. Aliitwa Willem de Kooning, mzaliwa wa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1904, aliyeingia Marekani mwaka 1926 kwa kujificha melini. Mzamiaji, kama wasemavyo vijana wa bandari zetu. Mwaka 1950 alianza kuchora mwanamke mmoja aliyeketi. Alimchora, akamfuta, akamkwangua, akamwanza upya, kwa muda wa karibu miaka miwili, hata akakata tamaa na kuiweka picha kando. Mwanachuoni Meyer Schapiro alipoiona akamshawishi airudie. Ikamalizika mwaka 1952, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na jumba lile lile ambalo baadaye lilimnunua Ntiro.

Picha hiyo ina karibu mita mbili kwenda juu. Mwanamke aliyemo ana macho makubwa ya kutisha, meno yametoka, matiti yamejaa, na mwili wake umepasuliwa na mapigo ya brashi hata hujui wapi anaishia yeye na wapi zinaanza rangi za nyuma yake. Ilipoonyeshwa iliwakasirisha watu wa pande mbili. Wachoraji wenzake walisema amewasaliti kwa kurudisha umbo la mtu. Wengine wakasema amemdhalilisha mwanamke, kwamba ule si mchoro bali ni shambulio. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo, wala hatudhani kwamba yataisha upesi, kwa sababu picha ile ina mambo yote mawili ndani yake: mtu anayemwogopa mwanamke na mtu asiyeweza kuacha kumtazama.

Ukizilinganisha kazi hizi mbili, zilizohifadhiwa katika jumba moja, utaona ajabu. Mzungu amemchora mwanamke mmoja, mkubwa kuliko mtu, hana ndugu wala kazi, naye mchoraji anapigana naye ana kwa ana. Mchagga amechora safari ya watu wengi, na mwanamke ndiye sababu ya safari. Yeye ni bibi arusi, ndiye anayeendewa. Usiku mzima na mitungi yote na hatua zote zaelekea kwake. Katika picha ya kwanza mwanamke ni mwili. Katika ya pili mwanamke ni mahali ambapo koo mbili zinakutana.

Twaelewa kwamba wako watakaosema tunampendelea mtu wetu. Basi na tuseme pia upungufu wake, maana haimfai marehemu kusifiwa kwa uongo. Mwanamke wa Ntiro hana uso. Anainama shambani mwaka 1955, na bado ameinama miaka mingi baadaye, wala hachoki, wala hagombani na mtu. Hana njaa. Mume wake hampigi. Kahawa anayoichuma haina bei. Watazamaji wengi walizipenda picha hizo kwa utulivu wake, na wahakiki wakauliza kama utulivu huo si usahaulifu. Na jambo linalotufanya tulitaje ni kwamba nyumbani kwake mwenyewe palikuwa na mwanamke ambaye hangeenea katika picha ya namna hiyo hata kidogo.

Mwaka 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha, binti wa Bunyoro, Uganda, aliyepata shahada ya historia katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1954, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki kufika hapo. Aliporudi kwao kufundisha aligundua kwamba mshahara aliopangiwa ni mdogo kuliko wa wanaume wenye elimu kama yake. Akaukataa. Alisema ni heri afanye kazi bila malipo yoyote kuliko kupokea malipo ya kumdunisha, na wakubwa wa elimu wakalazimika kumpa haki yake sawa na wenziwe. Alikuwa pia miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kiafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Mama wa namna hii ana uso, na uso huo umekunjamana kwa hasira ya haki. Mtindo wa mumewe ulikuwa na nafasi ya heshima kwa mwanamke, lakini haukuwa na nafasi ya hasira yake. Labda hapo ndipo de Kooning, pamoja na ukali wake wote, alipoona kitu ambacho ndugu yetu alikipita kando: kwamba mwanamke aweza kumkodolea macho mchoraji, asikubali kuwa sehemu ya mandhari.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Serikali ilimpeleka Ntiro London kuwa Balozi wetu wa kwanza Uingereza. Alikaa huko hadi mwaka 1964, mwaka ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Si nchi nyingi zilizofungua ubalozi wao London kwa kumtuma mchoraji. Alifanya kazi ya dola mchana, na brashi hakuiacha.

Baada ya kurejea alikuwa Kamishna wa Utamaduni. Wakati ule utamaduni ulikuwa neno zito, na watumishi wa leo wasiokumbuka yafaa wakumbushwe. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana, azimio lililopewa jina la Operesheni Vijana na kupangwa lianze tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo kufika vijana waliwashambulia wanawake hadharani Kariakoo, wakawachania nguo. Karibu na wakati huo huo, katika Mkoa wa Arusha, ambao Hanang ilikuwa sehemu yake mpaka Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, maofisa walikuwa wakiwashurutisha Wamasai waache mavazi yao ya asili na kuvaa nguo za kisasa. Basi mjini mwanamke aliambiwa amevaa Uzungu kupita kiasi, na mbugani mfugaji akaambiwa amevaa Uafrika kupita kiasi. Wako walioandika magazetini wakati ule kuuliza utamaduni huo unapimwa kwa rula ipi.

Jibu la Ntiro tulilo nalo ni picha zake. Humo nguo ya mwanamke haina ubishi. Ni ile aliyoivaa kwenda shambani. Yatupasa kukiri kwamba katika miaka ile ya vipimo na marufuku, kuchora wanawake wasiopimwa na mtu lilikuwa jambo la faraja, ijapokuwa halikumwokoa yeyote pale Kariakoo.

Sasa msomaji wa kisiwani ataniuliza, haya ya kina mama waliochorwa yanamhusu nini yeye, aliyelelewa katika nyumba isiyotundika picha za watu ukutani? Yanamhusu sana. Watu wa visiwani ni mafundi wa sanaa isiyo na umbo la mwili tangu kabla ya New York kulisikia jambo hilo. Tazama milango iliyochongwa ya Mji Mkongwe: maua, minyororo, mistari inayojirudia, na wala hapana mtu. Tazama kanga, pindo lake, mji wake na jina lake. Tazama hina na piko siku ya arusi. Pwani haikumchora mwanamke. Ilichora juu yake, na yeye akatembea na mchoro huo, akiuchagua mwenyewe na kuusemesha mwenyewe. Kanga aliyoivaa mke mbele ya jirani yake imeshawahi kusema maneno ambayo mdomo ungeshtakiwa kwayo. Na hapo ndipo kisiwa na Basotu vinapokutana, ingawa vimetengwa na bahari na siku mbili za barabara. Yule mama wa Kibarbaig mwenye nukta kuzunguka macho naye amechorwa juu yake, kwa mikono ya watu wake. Uso wake tayari ni kazi ya sanaa kabla mchoraji hajafungua kisanduku cha rangi.

Kwa watumishi wa Serikali tunalo neno jingine. Ramani pia ni mchoro. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilifungua mashamba makubwa ya ngano Basotu na jirani zake, jumla yake ikafikia kiasi cha ekari laki moja. Katika michoro ya mradi nchi ile ilionekana kuwa nyasi tupu inayongoja trekta. Haikuwa tupu. Yalikuwako malisho, visima vya chumvi, njia za ng'ombe na makaburi ya wazee, na yalikuwako maboma ambamo wanawake tuliowataja mwanzo waliishi. Kesi iliyofunguliwa na Kijiji cha Mulbadaw ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na shirika likashinda. Mchoraji wa Slade alimchora mwanamke bila ya nchi yake. Mchoraji wa ramani alichora nchi bila ya mwanamke. Ntiro, kwa udogo wa picha zake, hakuwahi kuvitenga viwili hivyo. Hana picha ya shamba lisilo na mtu anayelilima.

Ndiyo sababu tunadhani maofisa utamaduni wa wilaya wangefanya vyema kuzipeleka nakala za picha zake mashuleni, Hanang na Mbulu, Unguja na Pemba, si kwa ajili ya watoto kuziiga, bali wasikie kisa kama alivyokisikia yeye kwa Bibi Trowell, kisha wamchore mama yao kama wamwonavyo moyoni. Wengine watampa uso. Na iwe hivyo. Kule Makerere yenyewe, katikati ya miaka ya 1960, Mganda Theresa Musoke, aliyesoma katika shule ile ile aliyofundisha Ntiro, alichora picha ya ukutani juu ya kuzaliwa katika bweni la wasichana la Mary Stuart, na katika kazi zake za baadaye maumbo yanafichama na kujitokeza ndani ya tabaka za rangi, nusu umbo na nusu hisia. Huko mwanamke hakuchorwa na mwanamume aliyemwogopa wala na aliyemheshimu kwa mbali; alijichora mwenyewe.

Ntiro alimalizia kazi yake ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiendelea kuchora vihamba na njia za Machame kama alivyoanza. Wanafunzi walioletewa mitindo mipya kila mwaka walimwona kuwa ni mzee asiyebadilika, naye hakubadilika kwa ajili yao. Alifariki mwaka 1993. Mama Sarah aliishi miaka 25 baada yake, akafariki mwaka 2018.